Ufa wa taa na macho ya mkaguzi

Siku moja kabla ya ukaguzi gereji hujaa maswali, na mojawapo haliishi: taa ya mbele imepasuka, gari litapita? Fundi wa kwanza atasema litapita bila wasiwasi, mradi taa inawaka. Wa pili atasema halipiti, tafuta nyingine. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye muuza spea, atakuja na taa mkononi kabla swali halijaisha. Kila mmoja ana mfano wa gari lililopita na mfano wa gari lililorudishwa, na yawezekana mifano yote ni ya kweli. Ufa wa aina moja, wa urefu uleule, hupita kwa mkaguzi huyu na kukwama kwa yule, na mwenye gari hana karatasi ya kunyoosha mbele na kusema: kanuni inasema hivi.

Jibu la haki lipo, na si gumu. Ufa peke yake haupaswi kuliangusha gari. Kinachopaswa kuliangusha ni kile ambacho ufa umeufanyia mwanga. Je, umeupunguza? Umeutawanya hadi unampiga machoni anayekuja upande wa pili? Umebadilisha rangi yake? Umeingiza maji ndani ya taa, au umeilegeza taa hadi inaning'inia? Hayo yanaonekana na yanapimika. Jambo la kukera ni kwamba wakati macho yote yameukodolea ufa, kuna taa nzima kabisa, hazina hata mkwaruzo, ambazo zimegeuka njano kama chai ya maziwa na hazimuliki shimo lililo mita chache mbele. Hizo zinapita.

Nchi iliyolitafakari suala hili kwa muda mrefu ni Uingereza. Ukaguzi wa lazima wa magari ulianza huko mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Usafiri, na hadi leo cheti chake kinaitwa MOT, herufi za jina la wizara ya wakati ule. Mwanzoni ulihusu magari yaliyotimiza miaka 10, na kilichoangaliwa ni breki, usukani na taa. Basi. Matairi hayakuwemo, moshi haukuwemo, lakini taa zilikuwemo tangu siku ya kwanza. Magari yaliyoanguka yakawa mengi mno, umri ukashushwa mwaka uliofuata hadi miaka 7, na kufikia mwaka 1967 gari la miaka 3 tu lilikuwa linapelekwa kwa mkaguzi.

Mabadiliko yanayohusu ufa yalikuja Mei 2018. Badala ya kupita au kuanguka tu, hitilafu zikagawanywa katika ngazi tatu. Iliyo ndogo inaandikwa kwenye cheti na gari linapita. Iliyo kubwa inaliangusha gari hadi litengenezwe. Ya hatari inaliangusha, na gari haliruhusiwi kuendeshwa barabarani hadi hitilafu iondolewe. Mgawanyo huo unatokana na agizo la Umoja wa Ulaya namba 2014/45, na humo taa zimeelezwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Kwa taa kubwa za mbele, lenzi au kiakisi chenye kasoro kidogo ni hitilafu ndogo. Kilichoharibika vibaya au kisichokuwepo ni hitilafu kubwa. Kwa taa za breki maneno ni bayana zaidi: kasoro ya lenzi isiyogusa mwanga unaotoka iko ngazi ya chini, inayouathiri mwanga iko ngazi ya juu.

Hakuna mahali panaposema ufa wa sentimita ngapi. Hilo limefanywa kwa kukusudia, kwa sababu urefu wa ufa hauelezi kitu. Ufa mrefu kwenye ukingo wa lenzi, chini ya boneti, unaweza usiuguse mwanga kabisa, na kitobo kidogo kwenye taa ya nyuma kikaleta ajali.

Ili kuona kwa nini, inafaa kuifungua taa yenyewe.

Taa za zamani, zile za duara za Land Rover, zilikuwa za kioo kilichochongwa mistari na miraba. Mistari hiyo ndiyo iliyoupanga mwanga: sehemu hii iende kushoto kumulika pembeni mwa barabara, sehemu ile ishuke chini isimpofushe mwenzako. Ufa uliokatiza mistari uliuvuruga mpango wote. Zilikuwepo pia taa zilizofungwa moja kwa moja kiwandani, kioo na kiakisi na uzi wa kuwaka vikiwa kitu kimoja, yaani taa nzima ni globu moja kubwa. Marekani iliyalazimisha magari yake kutumia aina hiyo tangu mwaka 1940 hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1983. Katika zile za asili hewa ikishaingia uzi unaungua, na taa inazimika palepale. Kwa taa kama hiyo hapakuwa na mjadala wa ufa.

Toyota na Nissan zinazojaza barabara zetu leo zina taa za namna nyingine. Kinachoitwa kioo cha taa ni plastiki ngumu ya polikaboneti, haivunjiki ovyo kokoto likiruka. Na lenzi yenyewe ni wazi, haina mistari. Kazi ya kuupanga mwanga imehamia kwenye kiakisi au kwenye projekta iliyo ndani. Ndiyo maana ufa mwembamba pembeni, nje ya njia ya mwanga, unaweza kukaa miaka bila kudhuru. Jiwe likigonga katikati, mbele ya globu, hapo ni habari nyingine: ufa wenye matawi unautawanya mwanga wa dimu, na sehemu yake inapanda juu hadi machoni mwa dereva wa upande wa pili.

Ila hata ufa usio na madhara leo unafungua mlango wa maji. Hapa pia inabidi kutofautisha. Taa nyingi zina matundu madogo ya kupumulia, na ukungu mwepesi ndani ya lenzi asubuhi ya baridi si ugonjwa; taa ikiwaka unakauka. Maji yaliyotuama chini ya taa na kucheza gari likipiga kona ndiyo ugonjwa. Kiakisi kimepakwa utando mwembamba sana wa alumini, na utando huo ukilowa mara kwa mara unatoka madoa, kisha unabanduka. Ukishabanduka hakuna fundi wa kuurudisha kwa kitambaa. Globu ya halojeni nayo inawaka kwa joto kali, na tone la maji baridi likiigusa ikiwa moto linaweza kuipasua. Gari lililopita ukaguzi Januari likiwa na ufa mwembamba linaweza kufika masika ya Aprili likiwa na taa moja.

Waswahili wana methali ya ufa na ukuta, na mafundi wetu wameichukua neno kwa neno. Ufa unazibwa kwa silikoni, kwa supaglu, kwa selotepu. Silikoni iliyopakwa vizuri pembeni, baada ya taa kukaushwa, si jambo baya. Iliyopakwa juu juu huku ndani kuna maji inayafungia maji hayo humo, na iliyosambaa katikati ya lenzi inaugeuza mwanga kuwa ukungu. Mkaguzi mwerevu anawasha taa kwanza, halafu ndiyo anaitazama gundi.

Taa za nyuma zinahitaji ukali zaidi, na kwa bahati mbaya ndizo zinazotazamwa kwa haraka. Katika magari mengi globu ya breki ni nyeupe. Wekundu unatoka kwenye lenzi. Kipande cha lenzi kikidondoka, mwanga mweupe unachomoza nyuma ya gari. Usiku, katika barabara ya Chalinze au ya Naivasha, dereva anayefuata anaona mweupe na akili yake inamwambia kuna gari linakuja au linarudi kinyumenyume. Kanuni ya rangi ni ya zamani na ni ya dunia nzima: mbele weupe, nyuma wekundu, na weupe wa nyuma, ukiacha taa ya namba ya gari, ni wa kurudi kinyumenyume tu. Kitobo kinachoivunja kanuni hiyo kinastahili kuliangusha gari hata kama kingeonekana kidogo kuliko kidole gumba. Selotepu nyekundu inaweza kumfikisha mtu nyumbani usiku huo. Kuipeleka kwenye ukaguzi ni utani.

Vijana wanaopaka taa za nyuma rangi ya moshi ili gari lipendeze wako kwenye kundi hilohilo. Lenzi zao hazina ufa wowote. Ni nzima, zinang'aa, na zinaumeza mwanga wa breki mchana wa jua kali hadi anayefuata hajui kama gari la mbele linasimama.

Hapo ndipo ukaguzi wa kutazama ufa unapofilisika. Polikaboneti ina adui mmoja mkubwa, nao ni jua. Kiwandani lenzi hupakwa utando wa kuikinga na miale ya urujuanimno; utando huo ukichakaa, plastiki inaanza kugeuka njano na kufifia. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizochakaa namna hiyo na kukuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Sehemu nne kati ya tano zimepotea, na taa haina ufa. Kuzisugua na kuzipaka upya kulirudisha mwanga hadi karibu asilimia 70, jambo linaloonyesha kwamba fundi mwenye msasa laini na subira anafanya kazi ya maana. Dawa ya meno, inayosifiwa sana vijiweni, inang'arisha kwa muda mfupi. Haina utando wa kinga, na jua linaendelea pale lilipoishia.

Wajapani, ambao magari yao ndiyo yanayotufikia, hawaridhiki na kuiona taa ikiwaka. Katika ukaguzi wao, shaken, unaofanyika gari likifika miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, taa inawekwa mbele ya mashine na dimu ya kila upande inatakiwa kutoa angalau kandela 6,400. Kwa miaka mingi gari lililoshindwa kwa dimu liliweza kuokolewa kwa kupimwa fulu. Kuanzia Agosti 2024 njia hiyo ya mkato ilianza kufungwa kwa magari yaliyotengenezwa tangu Septemba 1998, ingawa baadhi ya mikoa ilipewa muda zaidi. Gharama za shaken ni sababu mojawapo inayojulikana ya wenye magari wa Japani kuyauza mapema, nasi tunayanunua. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaliruhusu lakini inalitoza ushuru wa uchakavu. Likishuka Mombasa au Dar es Salaam lenzi zake zina miaka kadhaa, kisha linaanza maisha mapya chini ya jua la Ikweta, likiegeshwa nje kutwa. Miaka mitano baadaye mwenye gari analalamika kwamba globu za siku hizi hazina nguvu.

Anachofanya baada ya hapo kila msafiri wa usiku anakijua. Anafunga globu za LED au xenon ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni. Kiakisi kilipangiwa uzi wa kuwaka ulio mahali fulani hasa. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo, mwanga unaruka kila upande. Waingereza wameandika wazi kwenye mwongozo wao kwamba taa ya halojeni iliyogeuzwa kuwa ya xenon inaliangusha gari. Kwetu inahesabiwa kuwa ni urembo, na anayekuja mbele ndiye anayelipa.

Hata mtu anayetii, anayeamua kununua taa nyingine badala ya kubishana, anaweza kuondoka na hasara ya usalama. Akienda Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, atakuta taa za mtumba kutoka Japani, taa mpya za kuiga, na taa zilizotoka Dubai. Dubai wanaendesha kulia. Dimu ya taa ya huko imepangwa kupanda kidogo upande wa kulia kumulika pembeni mwa barabara yao. Ikifungwa kwenye gari linaloendeshwa kushoto, mpando huo unaangukia machoni mwa anayekuja. Dalili huwa zimeandikwa kwenye lenzi. Taa iliyothibitishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa ina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi, kwa mfano 43 kwa Japani au 11 kwa Uingereza. Mshale unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa unamaanisha ni ya nchi zinazoendesha kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Isiyo na mshale ni ya wanaoendesha kulia. Kinyume chake kinatokea Bujumbura na Goma, ambako magari yenye usukani wa kulia kutoka Japani yanaendeshwa upande wa kulia wa barabara, na taa zake zinamulika njia ya mwenzake. Mkaguzi anayemrudisha mtu kwa ufa mwembamba, kisha akampitisha na taa nzima ya Dubai, ameifanya barabara kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Sheria zetu si legevu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, na Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, zote zinamkataza mtu kuendesha gari bovu. Kinachokosekana ni kilicho kati ya sheria na taa: jedwali fupi, kwa Kiswahili, lililobandikwa ukutani pa kila kituo cha ukaguzi, linalosema kasoro ipi ni ya kuandikwa tu, ipi ni ya kurudisha gari, ipi ni ya kulizuia lisitoke. Pasipo jedwali hilo uamuzi unakaa kwenye jicho la mtu mmoja, na kila uamuzi wa jicho unakaribisha mazungumzo pembeni. Malalamiko kwamba stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama ya Tanzania zinabandikwa kwenye magari ambayo hakuna aliyewasha taa zake yana umri mrefu, na hayatakwisha kwa kuwakaripia askari. Askari naye anahitaji cha kumkinga pale bosi mwenye gari kubwa anapong'aka.

Wako wanaopinga ngazi hizi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema ukimwambia Mswahili kwamba ufa mdogo unapita, hatauziba kamwe; ataendesha hadi taa idondoke. Inawezekana. Lakini hitilafu ndogo iliyoandikwa kwenye cheti ina kumbukumbu. Mwaka unaofuata mkaguzi anaikuta, anaangalia kama maji yameingia, kama kiakisi kimeanza madoa, na anaipandisha ngazi. Mfumo wa sasa hauna kumbukumbu hiyo: gari limepita au limerudi, na ufa uliopita unaanza upya kama hakuna aliyewahi kuuona. Tena bei ya taa ya gari la miaka ya karibuni, yenye LED ndani, inaweza kumtoa mtu jasho. Kumlazimisha mwenye teksi kuinunua kwa ajili ya ufa usiogusa mwanga ni kumfundisha kumtafuta mkaguzi mwenye huruma.

Kupima mwanga nako si anasa. Mashine za kupimia taa zipo, na vituo vikubwa vinapaswa kuwa nazo na kuzitumia. Wilayani, ukuta uliopakwa chokaa na uwanja tambarare wa mita 10 vinatosha kuanzia: gari likisimama mita 10 kutoka ukutani, mstari wa juu wa dimu unapaswa kuwa takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Taa moja ikipiga juu ya mstari na nyingine chini, au ukutani pakiwa na mwanga uliovia usio na ukingo, jibu limepatikana bila mtu kubishana kuhusu urefu wa ufa.

Kwa Kenya wakati wenyewe ni huu. Rasimu ya kanuni za ukaguzi ya mwaka 2025 inalenga pia magari binafsi yaliyozidi miaka 4, na inafungua mlango kwa vituo vya watu binafsi kukagua. Maana yake ni maelfu ya wamiliki ambao hawajawahi kupanga foleni ya kituo cha ukaguzi cha Barabara ya Likoni, Nairobi, watasimama mbele ya mkaguzi, na pengine mkaguzi huyo ana rafu ya spea nyuma yake. Uingereza, ambako gereji nyingi zinazokagua ndizo zinazotengeneza, mwenye gari asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 za kazi kwa DVSA, wakala wa serikali unaosimamia ukaguzi, na gari linaangaliwa upya na mtu asiye na duka. Sharti ni kwamba asilitengeneze kabla rufaa haijaamuliwa, ili taa itazamwe ikiwa na ufa wake uleule. Kifungu cha namna hiyo kinapaswa kuingia katika kanuni za Kenya kabla kituo cha kwanza cha binafsi hakijapewa leseni, na Tanzania haina sababu ya kungoja rasimu yake ndipo ibandike jedwali ukutani.